Mwanangu haachi simu, na mpira ameutupa

SWALI: Mwanangu ana miaka 15. Mwaka jana alikuwa golikipa wa darasa lao. Siku moja akafungwa mabao manne, wenzake wakamrekodi na kuisambaza video kwenye kundi la darasa. Tangu hapo glavu ziko uvunguni, naye anacheza gemu kwenye simu mpaka saa nane za usiku. Nikimnyang'anya anasusa chakula. Nimempa adhabu ya kukimbia kila asubuhi, lakini wapi! Je, ni mgonjwa?
Mama Golikipa

JIBU: Mama, umeniuliza habari za simu, lakini jicho langu limeganda kwenye hizo glavu. Nisamehe, nimefundisha michezo miaka mingi.

Huo ugonjwa kwanza. Shirika la Afya Duniani limeutambua uraibu wa michezo ya video katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika 2022, na kwa kawaida dalili huangaliwa kwa miezi 12 kabla ya kumpa mtu jina hilo. Usimbandike upesi. Ila akiacha shule, au akitamka kwamba hataki kuishi, mpeleke hospitali siku hiyohiyo.

Sasa mtazame kijana mwenyewe. Kwenye simu hakuna anayeiona mikono yake ikitetemeka. Akishindwa anaanza upya, bila shahidi. Uwanjani alikuwa nao wengi. Na kadiri anavyokesha ndivyo mwili unavyozidi kuwa mzito, basi hata hamu ya kujaribu inakufa. Mwanasaikolojia Albert Bandura aliandika mwaka 1977 kwamba kinachomjengea mtu imani ya kuwa anaweza, kuliko kingine chochote, ni kulifanya jambo mwenyewe akafaulu. Kumsifia tu hakutamfikisha mbali.

Zile mbio za adhabu zifute leo. Utamfanya auchukie mwili wake mara mbili. Badala yake mwombe akufundishe wewe kudaka. Mpira mmoja, ukuta, nyinyi wawili tu, pasipo mtazamaji. Utadaka vibaya, atakucheka, na hiyo ndiyo faida yenyewe: safari hii anayejua ni yeye. Vijana wa umri wake wanashauriwa wastani wa dakika 60 za mazoezi kwa siku, lakini ukianza na hizo utamkimbiza. Kumi zinatosha.

Usiku simu zote zilale sebuleni, yako ikiwa ya kwanza. Anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10.

Glavu usizitoe wewe. Akizifuata mwenyewe, angalia vidole: pengine zimeshambana.