Theluji ya usiku, foleni ya asubuhi

Ndugu Mhariri,

Mmeuliza wiki hii: theluji ikianguka kwa wingi usiku wa kuamkia Jumamosi, baridi ikawa kali na jiji zima likaelekea mlimani, je, inafaa kwenda kuteleza kwa skii au ni kujitesa bure? Inafaa, kwa anayefika mapema sana au anayekubali kuchelewa hasa. Anayeumia ni wa katikati, yule anayetoka nyumbani saa mbili asubuhi.

Nitajibu kwa bonde la Little Cottonwood, jimbo la Utah nchini Marekani, penye vituo vya skii vya Alta na Snowbird. Salt Lake City iko jirani, na wapo huko wasemaji wa Kiswahili waliotoka Kongo na Burundi ambao wanaliona bonde hilo kila siku.

Barabara ya kupanda ni moja tu, namba 210, na inapita chini ya njia nyingi za maporomoko ya theluji. Baada ya dhoruba huweza kufungwa alfajiri ili theluji iliyojilimbikiza juu iangushwe kwa milipuko, kisha magreda yasafishe. Muda wote huo magari yanajipanga mdomoni mwa bonde, na njia ikifunguliwa yanapanda kwa mkupuo. Kwa hiyo tangazo la kufungwa lisomwe usiku, kabla ya kulala. Tairi ziwe za theluji, zenye alama ya mlima na chembe ya theluji ndani yake. Gari moja lenye tairi za kiangazi likikaa mkingamo, mamia nyuma yake yanasimama. Basi nalo hukwama kwenye msururu huohuo, ila abiria wake hatafuti maegesho, na kwa siku kama hiyo hilo ni jambo kubwa.

Huko juu, lifti, yaani viti vya kebo vinavyopandisha watu mlimani, kutofunguliwa zote kwa pamoja huwaudhi wengi. Kikosi cha doria cha kituo hupanda kabla ya mapambazuko na kuangusha kwa milipuko theluji ya miteremko mikali, mmoja baada ya mwingine. Upepo ukiendelea kusukuma theluji, kazi hiyo hurudiwa. Lifti za chini huanza, za juu hufuata baada ya saa kadhaa, pengine mchana. Kusimama saa nzima mbele ya lifti iliyofungwa ni kamari mbaya. Afadhali uteleze misitu ya chini ambayo bado haijakanyagwa, huku ukisikiliza milipuko ikisogea upande gani.

Foleni ina hesabu yake. Lifti ya viti vya watu wanne inayobeba watu 2,400 kwa saa hupeleka 40 kwa dakika, hivyo foleni ya watu 600 ni dakika 15. Viti vikipanda na watu wawiliwawili, zinakuwa 30. Ndiyo maana mstari wa watu mmojammoja, pale ulipo, huenda haraka: wao hujaza nafasi zilizobaki. Mkiwa wawili, ingieni humo na mkutane juu mahali mlipokwisha kupatana. Chakula kiliwe kabla ya saa tano au baada ya saa saba na nusu.

Baridi hukung'ata zaidi ukiwa umekaa kwenye kiti. Hewa ikiwa nyuzi 15 chini ya sifuri na kiti kikienda mita 5 kwa sekunde, ngozi iliyo wazi huhisi kama ni nyuzi 24 chini. Vaa soksi moja ya sufu. Mbili hubana damu na miguu hupoa zaidi. Glavu zisizotenganisha vidole huhifadhi joto kuliko zenye vidole. Buti zisilale ndani ya gari, maana plastiki hukakamaa na mguu hauingii. Miwani usiipandishe kwenye paji la uso lenye jasho, wala usifute kioo chake kwa ndani kikiwa na maji. Kioo cha rangi ya manjano au waridi huonyesha mashimo na matuta ya theluji vizuri kukiwa na mawingu. Ukiona doa jeupe kwenye shavu la mwenzako, alifunike kwa kiganja chenye joto na aingie ndani. Lisisuguliwe.

Kwenye theluji nzito usiegemee nyuma, kosa linalofundishwa sana mabarazani. Simama katikati ya skii, uzito kwa miguu yote miwili, acha kasi ijengeke, na ugeuke taratibu. Kabla ya kufunga buti kwenye skii, kwangua theluji iliyoganda chini ya soli. Ikibaki, kifungo hakishiki sawasawa na skii huchomoka bila sababu. Ikichomoka na kuzama, itafute juu ya pale ulipoangukia, ukikata theluji kwa fimbo kwa kukingama mteremko. Wengi huchimba chini kwanza, wakapoteza nusu saa.

Hatari ambayo watu huidharau iko chini ya miti ya misonobari. Matawi huzuia theluji isishindiliwe kuzunguka shina, pakabaki shimo lililojaa theluji laini. Anayeingia kichwa kwanza mara nyingi hawezi kujitoa, na hukosa hewa. Humo msituni ondoa kamba za fimbo mikononi, vaa filimbi shingoni, na mwenzako awe mahali unapomwona, sio tu mahali unapomsikia. Ukianguka, shika shina au tawi, weka nafasi mbele ya uso na usifurukute, kwani kila mtikiso humwaga theluji zaidi. Kamba ya kufunga eneo isivukwe hata kama kuna alama za waliotangulia.

Kufikia saa tano asubuhi sehemu za wazi zimeshavurugwa. Kuanzia saa nane wengi wamechoka magoti, na eneo la juu likichelewa kufunguliwa, ndipo anayefika mchana hupata theluji yake. Kuteremka nako kuna msururu. Ukishavua buti, toa bitana zake za ndani zikauke, mbali na hita inayounguza. Skii zipanguswe chumvi ya barabarani usiku huohuo, la sivyo kingo za chuma zitaanza kutu kabla ya Jumapili.