Goli la kikapu nyumbani: nguzo na zege ndiyo penye hela

SWALI: Habari za kazi, fundi. Mbele ya nyumba yangu Tabata nina eneo la mita 8 kwa 6, limewekwa pavingi. Wanangu, wa miaka 9 na 14, wamenogewa na kikapu. Dukani nimeona goli la magurudumu lenye tangi la kujaza maji chini, ila bei yake imenishtua. Fundi wa kuchomelea wa mtaani kwetu anasema atanitengenezea ringi na ubao, avifunge kwenye ukuta wa fensi kwa gharama ndogo tu. Nifuate lipi?

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. Kazi mpe huyo fundi wa mtaani, lakini asiguse fensi. Akuchomelee nguzo ya kusimama yenyewe ardhini.

Fensi nyingi zetu ni bloku za inchi 5 au 6, zimesimama zenyewe bila kitu cha kuzishika kwa nyuma. Ukuta wa namna hiyo umejengwa kubeba uzito wake na kuzuia wezi. Kijana wa miaka 14 ana kilo hamsini na kitu, na siku moja atarukia ringi na kuning'inia, umkataze usimkataze. Hapo uzito wake unauvuta ukuta kwa ndani, juu kabisa, mahali ambapo ukuta ni dhaifu zaidi. Bolti zitachomoka na vipande vya bloku, au ukuta wenyewe utaanza kupiga ufa. Ukuta ninaoukubali kwa kazi hii ni wa nyumba, tena pale penye nguzo ya zege au linta yenye nondo, si katikati ya bloku.

Goli la magurudumu si baya kwa mtu aliyepanga, maana siku ya kuhama anahama nalo. Shida yake ni tangi. Lita 130 za maji ni kilo 130 tu, na maji hupungua taratibu bila mtu kugundua. Mfuniko ukipotea, umewafungulia mbu mahali pa kuzalia. Mchanga mkavu ni bora: tangi hilohilo litafika kilo 200 hivi. Hata hivyo, ubao mpana uliokaa juu mita tatu ukipigwa na upepo ni kama tanga. Wewe una kwako, kwa hiyo sioni sababu ya kulinunua.

Sasa nguzo. Mwambie fundi bomba la mraba la milimita 100 kwa 100, unene wa chuma usipungue milimita 3, na ukipata milimita 4 chukua. Hapa ndipo mafundi wengi wanapobana hela: wanaweka bomba la unene wa milimita 1.5, goli linapendeza siku ya kwanza, kisha kila mpira unapogonga ubao nguzo nzima inatikisika na mpira unadunda kivivu. Nenda na kalipa (kifaa cha kupimia unene) dukani, au angalau tazama ukingo wa bomba lilipokatwa kabla hujalipa.

Shimo liwe sentimita 60 kwa 60, kina mita 1.2. Zege la moja-mbili-nne (saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne) litakula mifuko mitatu hivi ya saruji ya kilo 50, na likikauka una tani moja ya uzito chini. Lipe siku saba, ulimwagilie, kabla ya kufunga ubao. Kabla ya kuchimba, hakikisha unajua karo la maji taka lilipo na bomba la maji linapopita. Mara nyingi vyote viwili viko hapohapo mbele ya nyumba.

Kutu huanzia pale chuma kinapozama kwenye zege, kwa sababu maji ya mvua hutuama hapo. Kwa hiyo zege lipande sentimita 5 juu ya pavingi na limwage maji pande zote, mdomo wa bomba juu uzibwe kwa pleti, na rangi ya kuzuia kutu ipigwe mikono miwili kabla ya rangi ya mwisho. Wenzetu walio karibu na bahari ni heri walipie kuchovya kwenye zinki.

Ubao wa uwanja rasmi ni mita 1.80 kwa 1.05, na ukiwa wa kioo cha milimita 12 unafika karibu kilo 57. Huuhitaji. Tena kioo huvunjika: mwaka 1979 Darryl Dawkins, mchezaji wa Philadelphia 76ers katika NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, alivunja vioo viwili kwa kudanki (kuruka na kusindilia mpira ringini kwa mkono) katika muda usiotimia mwezi, na miaka michache baadaye NBA ikaanza kutumia ringi za springi, zinazoinama zikivutwa kisha kurudi. Kwako plaiwudi ya marini (ile inayostahimili maji) ya milimita 18, mita 1.20 kwa 0.80, kwenye fremu ya chuma, inatosha. Ziba kingo zake kwa rangi, maana maji huingilia pembeni.

Ringi iwe na kipenyo cha ndani cha sentimita 45, ya chuma laini cha duara cha milimita 16 hadi 20. Nondo yenye mikwaruzo itakula nyavu. Kati ya ubao na ukingo wa ndani wa ringi ziwe sentimita 15.

Kimo rasmi ni mita 3.05, lakini huyo wa miaka 9 atarusha kwa kiuno na mgongo, ajifunze vibaya. Kikapu cha watoto huwekwa mita 2.60 na mpira namba 5. Mwambie fundi atoboe matundu ya bolti ya vimo vyote viwili kwenye nguzo. Ni kazi ya dakika chache akiwa bado na drili mkononi.

Simamisha nguzo upande wa mita 6, ubao utokeze mbele yake sentimita 90. Ukiacha sentimita 30 kutoka fensi, mstari wa mtupo huru, ambao uko mita 4.60 kutoka ubaoni, utaingia na nafasi itabaki. Mstari wa pointi tatu hautaingia, usahau. Kama una uchaguzi, goli likae kaskazini au kusini, jua la jioni lisiwapige watoto machoni. Na baada ya mwezi mmoja panda ngazi ukaze nati zote upya, kwa sababu mitetemo huzilegeza.