Usingizi Mchache na Sukari ya Mjamzito

SWALI: Mimi huuza mboga katika soko la Kibuye, Kisumu, na nina ujauzito wa wiki 25. Hulala saa nne usiku na kuamka saa tisa ili niwahi malori yanaposhusha mboga. Wifi yangu anasema kukosa usingizi kutaniletea ugonjwa wa sukari. Je, ni kweli? Na mbona alfajiri nashikwa na njaa kali ya vitu vitamu? Naweza kununua dawa ya usingizi? – Msomaji, Kisumu

JIBU: Dada yangu, wifi yako hajakosea sana, ila kinachoanza kupandisha sukari ya mjamzito ni kondo la nyuma. Kuanzia katikati ya ujauzito, kondo hutoa homoni nyingi zinazoufanya mwili wa mama usiitikie insulini, homoni inayoondoa sukari kwenye damu, vizuri kama zamani, ili glukosi, yaani sukari hiyo, ikawie kwenye damu na mtoto apate chakula chake. Huo si ugonjwa. Kongosho hukabiliana na hali hiyo kwa kutoa insulini mara mbili, hata mara tatu ya kawaida, na wanawake wengi huvuka salama. Kisukari cha ujauzito huja pale kongosho linaposhindwa kutosheleza mahitaji hayo.

Usingizi mchache huongeza uzito juu ya mzigo huo. Mwaka 1999, watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago waliwaruhusu vijana 11 wenye afya kulala kwa muda wa saa nne tu kila usiku kwa siku sita mfululizo, wakaona miili yao ikichelewa kuondoa glukosi kwenye damu, huku kotisoli, homoni ya msongo ambayo jioni hushuka, ikibaki juu. Hao walikuwa wanaume, lakini tafiti za baadaye kwa wajawazito nazo zimekuta kisukari cha ujauzito zaidi miongoni mwa wanaolala chini ya saa sita. Hilo halithibitishi kwamba usingizi peke yake ndio chanzo, kwa kuwa uzito, umri na kisukari katika ukoo vina nguvu kubwa, kwa hiyo naomba usijilaumu kwa kazi inayokulisha.

Njaa yako si ulafi. Mtu asipolala vya kutosha, leptini inayoleta shibe huweza kupungua na grelini inayoamsha njaa ikazidi, na saa hizo sokoni kilicho karibu ni mandazi na chai ya sukari nyingi. Beba yai la kuchemsha na njugu kutoka nyumbani. Kama unatafuna odowa, udongo wa kula, kama wafanyavyo wajawazito wengi wa Kisumu, acha, kwa sababu udongo huo huzuia mwili kupata madini ya chuma, na upungufu wa chuma ni sababu mojawapo ya miguu kukosa utulivu usiku na kuharibu hata huo usingizi mdogo ulio nao. Biashara inapopoa mchana, mwachie jirani meza ulale kidogo kwa ubavu.

Lililo kubwa kuliko yote ni kipimo, nawe umo katika muda wake, yaani wiki ya 24 hadi ya 28. Omba kliniki kipimo cha damu cha glukosi. Kile cha mkojo pekee hakitoshi. Utakwenda bila kula tangu usiku, utolewe damu, unywe gramu 75 za glukosi, kisha utolewe damu tena baada ya saa moja na baada ya saa mbili. Ukifikisha milimoli 5.1 kwa lita kabla ya kunywa, au 10.0 baada ya saa moja, au 8.5 baada ya saa mbili, kimoja tu kinatosha kuonyesha kisukari cha ujauzito.

Dawa ya usingizi usinunue dukani bila kuandikiwa na daktari anayejua kwamba una mimba. Na ukiambiwa kwamba unakoroma sana au pumzi hukatika usingizini, mweleze muuguzi siku hiyo ya kipimo akupime na presha, kwa kuwa kukoroma kwa namna hiyo huenda pamoja na presha ya ujauzito.