Kabla hujauliza bei ya kamera ya mtumba, uliza betri

Kamera yangu ya kwanza ya mtumba niliinunua soko la Mwanjelwa, Mbeya, kwenye meza yenye pasi, rimoti na nyaya za chaji zilizosokotana kama utumbo. Ilikuwa Olympus ndogo ya rangi ya fedha. Nikatoa shilingi 20,000, nikarudi nyumbani najisifu. Kumbe haikuwa na kadi ya kuhifadhia picha. Nikazunguka kwa mafundi simu, kila mmoja ananitolea SD, wakati yenyewe inataka xD, kadi ambayo Olympus na Fujifilm waliitoa mwaka 2002 na siku hizi haitengenezwi tena. Mpaka leo ni pambo la kabatini.

Tangu hapo siendi sokoni bila betri mbili za AA za kuchaji na kadi ya SD ya GB 2. Usibebe ya GB 32: kamera nyingi za kabla ya 2006 haziisomi, utadhani ni mbovu. Ndiyo maana napenda Canon PowerShot A470 au Nikon Coolpix L18. Zinakula AA, betri za dukani kwa Mangi. Zile nyembamba zenye betri yake maalumu, bila chaja yake, mimi naziacha hata nikipewa kwa elfu tano.

Muuzaji akisema, "Kaka, nzima hii, haina betri tu," mwambie betri ninazo. Fungua kwanza kifuniko. Ukiona unga mweupe au wa kijani, betri ilivujia humo; ukiwa kidogo, pamba yenye ndimu huutoa. Iwashe, sikiliza lenzi ikitoka. Ikikwaruza kama imemeza mchanga, irudishe mezani. Halafu mulika lenzi kwa tochi ya simu. Nyuzi nyuzi kama utando wa buibui ni kuvu, na kwa mvua za Tukuyu kamera iliyolala miaka kwenye mkoba wa ngozi huwa nayo. Zangu nimezifungia kwenye ndoo ya plastiki pamoja na vile vifuko vya chembechembe za kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya.

Na Juni ukiwa Uyole alfajiri, kamera ikazima ghafla, usiilaani. Betri za kawaida huzidiwa na baridi. Zitoe, ziweke mfuko wa ndani wa koti, kunywa chai, zirudishe. Mimi nilipata picha sita zaidi za ukungu kwa njia hiyo.