Kabla hamjagawa shamba la baba, msikilizane kila mtu anadai kwa haki gani

Baba alifariki bila kuacha wosia. Alituachia ekari 7 za michungwa kule Muheza, nyumba ya vyumba vinne, na watoto watano ambao mpaka siku ya mazishi walikuwa hawajawahi kugombana mbele za watu. Wiki tatu baada ya kuanua matanga, kaka mkubwa na mdogo wetu wa kiume walikuwa hawasalimiani.

Nayaandika haya kwa ajili yako uliye njiani kwenda kwenye kikao kama kile. Mimi ni mwalimu wa historia. Chuoni nilisoma falsafa ya maadili na siasa ya Magharibi kwa muhula mmoja, nikafaulu mtihani, nikayafungia madaftari sandukuni. Usiku ule baada ya kikao cha kwanza kuvunjika niliyatoa, nikasoma mpaka jogoo wa pili.

Nilichokiona ni hiki: kila aliyesimama kikaoni alikuwa na hoja ya haki. Hatukuwa na mwema mmoja na walafi wanne. Tulikuwa na haki za aina mbalimbali zimekaa kwenye mkeka mmoja, na hakuna aliyezitambua. Wanafalsafa wa Ulaya na Marekani wamezichambua haki hizo moja moja kwa karne nyingi, na ukizijua, utamsikia ndugu yako vizuri zaidi.

Kaka alibaki nyumbani miaka 19. Ndiye aliyebeba miche kichwani, ndiye aliyepalilia, ndiye aliyeshinda shambani kufukuza ngedere machungwa yakianza kuiva. Kikaoni alisema neno moja tu: "Nani alilima?" John Locke, mwanafalsafa wa Uingereza, alijenga hoja hiyohiyo mwaka 1689: mwili wa mtu ni wake, kazi ya mikono yake ni yake, basi akiichanganya kazi ile na ardhi ambayo bado haina mwenyewe, ardhi inakuwa yake. Kwa wiki tatu nilikuwa nimemwona kaka ni mtu wa tamaa. Nilipoirudia sura ile nikaelewa kwamba alikuwa anadai miaka yake. Asubuhi nilikwenda kumwomba radhi, kabla hatujagusa habari ya shamba.

Lakini Locke aliweka sharti, na sharti lile lilinisaidia: anayejitwalia awaachie wenzake cha kutosha, na kilicho kizuri vilevile. Nilimuuliza kaka kwa upole, "Ukichukua bonde lote la mtoni, sisi tutakuwa tumebakiwa na kipi cha kufanana nalo?" Alikaa kimya muda mrefu. Tena, Locke anasema majani aliyoyakata mtumishi wangu ni mali yangu mimi. Shambani kwetu wamepita vibarua wasiohesabika, na kama jasho peke yake ndiyo hati, nao wangekuja kudai fungu.

Na hapa nikusihi jambo. Locke huyo alikuwa na hisa katika Royal African Company, kampuni iliyouza Waafrika utumwani. Alikuwa pia katibu wa wamiliki wa koloni la Carolina, ambalo katiba yake ya 1669 ilimpa bwana mamlaka yote juu ya mtumwa wake. Huyohuyo aliyeandika kwamba kila mtu anaumiliki mwili wake. Inaniuma kila ninapomfundisha. Sijamtupa, lakini nimejifunza kuichukua hoja na kuipeleka mpaka kwa wale aliowaacha nje ya mlango.

Kwetu sisi waliokuwa nje ya mlango walikuwa wawili: dada yetu mjane aliyerudi nyumbani, na mdogo wetu wa mwisho, binti wa miaka 14 ambaye baba alimzaa Korogwe kwa mama mwingine. Baba mdogo alisema waziwazi kwamba wanawake huolewa, na mtoto wa nje ana kwao. Alisema bila ukali wowote, kama mtu anayetaja jina la mto.

John Stuart Mill, katika kitabu chake cha 1869 juu ya hali ya wanawake, anaeleza vizuri sana jambo hilo. Kila utawala uliodumu, anasema, huonekana ni wa asili kwa wanaoufaidi, na neno "si la asili" kwa kawaida huwa na maana ya "hatujalizoea" tu. Mwalimu Nyerere alipokuwa mwanafunzi Makerere aliyachukua mawazo ya Mill akayaandikia insha kuhusu wanawake wa Kizanaki, watu wake mwenyewe. Nampenda kwa hilo: hakuyaacha mawazo yale Uingereza, aliyaingiza katika nyumba aliyozaliwa. Sheria zetu nazo zimesogea. Mwaka 1990 Mahakama Kuu kule Mwanza iliamua kwamba mwanamke wa Kihaya ana haki ya kuuza ardhi ya ukoo aliyorithi kama mwanamume alivyo nayo. Sheria ya Mtoto ya 2009 nayo inakataza kumnyima mtoto nafasi ya kufaidi mali ya mzazi wake kwa kiasi kinachofaa. Jueni haya kabla msimamizi wa mirathi hajakwenda mahakamani, yatawaepusha na mengi.

Mdogo wetu wa kiume anaishi Dar es Salaam na ndiye aliyenunua pampu ya maji. Yeye alikuja na kalamu. Tuuze, tugawane pesa, kila mtu atengeneze maisha yake; jumla ya faida ni kubwa kuliko kung'ang'ania miti. Hiyo ni njia ya Jeremy Bentham, ambaye kitabu chake kikubwa kilitoka 1789: tendo jema ni lile linaloleta furaha nyingi zaidi kwa watu wengi zaidi, na furaha na maumivu vinaweza kupimwa. Watu huidharau njia hii kwamba ni ya kihasibu. Mimi siidharau tena, kwa sababu Mill ametuhifadhia kanuni ya Bentham inayosema kila mmoja ahesabiwe kuwa mmoja, na asiwepo wa kuhesabiwa zaidi ya mmoja. Nilipomwomba mdogo wangu atuandikie hesabu yake daftarini, aliandika mafungu matano bila kusita. Binti wa Korogwe alikuwemo. Kalamu ilimtambua kabla ukoo haujamtambua.

Iliposhindwa hesabu ni kwenye ahadi. Baba akiwa kitandani, kaka alimshika mkono akasema, "Yule mtoto nitamsomesha." Shangazi alikuwepo, alisikia. Kikaoni mdogo wangu akasema mambo yamebadilika, binti akipewa pesa zake za mauzo ahadi haina kazi tena. Shangazi hakujibu kwa hesabu. Alisema, "Aliahidi." Akajifunga upya kitenge chake.

Immanuel Kant aliandika neno la shangazi katika kitabu chake cha 1785. Anatoa mfano wa mtu aliyebanwa na shida anayekopa fedha akiahidi kuzilipa, na huku anajua hatalipa. Jiulize, anasema Kant, je, ungeweza kutaka kila mtu aishi kwa kanuni hiyo? Hakuna tena ambaye angeamini ahadi, na neno lenyewe lingekufa. Mwaka 1797 alikwenda mbali zaidi, akasema hata muuaji akija mlangoni kumuulizia rafiki yako aliyejificha ndani, usimdanganye. Hapo simfuati na sitamfuata. Lakini juu ya mkono wa baba pale kitandani, Kant na shangazi walikuwa sahihi, na kaka alikubali ada iandikwe kwenye muhtasari kama deni lake, nje kabisa ya urithi wa binti.

Kosa langu nililifanya katika kikao cha pili. Mabishano yalipopamba moto nilianza kutaja majina: fulani kasema hivi, fulani kasema vile. Kaka alinitazama, akainuka, akaenda kukaa chini ya mwembe. Nilikuwa nimemwambia mbele ya wazee kwamba hakusoma. Nakuomba sana, yabaki majina hayo moyoni mwako. Waachie watu hoja kwa maneno yao ya nyumbani, wataipima wenyewe.

Kuhusu baba mdogo nilikosea pia. Nilimweka kwenye fungu la wapinga haki nikamfungia hapo. Mpaka aliposema, "Makaburi hayagawiwi. Na nyumba iliyo karibu na makaburi haiuzwi." Nikamkumbuka Edmund Burke, aliyeandika mwaka 1790 akiyapinga mapinduzi ya Ufaransa, kwamba jamii ni ushirika kati ya walio hai, waliokufa na watakaozaliwa. Kuhusu dada zangu baba mdogo hakunishawishi hata kidogo. Kuhusu makaburi alikuwa anawasemea watu ambao hawana tena mdomo, na kati yetu sote hakuna mwingine aliyewakumbuka. Tukatenga ekari moja, nyumba na makaburi, ibaki ya wote. Ekari moja nyingine, ile ambayo kaka aliisafisha pori na kuipanda mwenyewe, akapewa yeye kwanza. Zikabaki tano.

Ekari tano kwa watoto watano inaonekana rahisi, kumbe ndiyo kazi yenyewe, maana ekari ya mtoni na ekari ya mawe kule juu hazilingani. Hapa ndipo nilipomtumia John Rawls, profesa wa Harvard, na kitabu chake cha 1971 kuhusu haki. Anatutaka tufikirie tunachagua kanuni za jamii tukiwa nyuma ya pazia, hatujui tutazaliwa nani: tajiri au maskini, mzima au mgonjwa. Asiyejua fungu lake hatapendelea fungu lolote. Na ana mfano mdogo wa keki: anayekata achukue kipande cha mwisho.

Nilimfuata kaka chini ya mwembe. Nikamwambia, "Kaka, wewe ndiye unayelijua shamba. Ligawe wewe, mafungu matano. Sisi tutachagua, wewe utachukua litakalobaki."

Alikubali, nadhani kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza elimu yake ya shambani kuheshimiwa katika jambo lile. Kesho yake alfajiri alitoka na kamba ya katani na vigingi. Tulimtazama kutoka barazani. Alipima, akachomeka, akarudi nyuma, akahesabu miti kwa kidole. Upande wa mawe aliongeza hatua, upande wa mtoni akapunguza. Kigingi kimoja alikihamisha mara nne, kila mara hatua moja au mbili, kwa ajili ya mchungwa mmoja mzee unaozaa sana. Alifanya hivyo mpaka jua likawa la utosi, na hakuna aliyemsemesha.

Tuliamua anayehitaji zaidi aanze. Hilo pia ni la Rawls, kwamba mpangilio wowote usio sawa uwe wa kumfaa aliye chini kabisa. Binti wa Korogwe alisita, akamwamkia kaka, akauliza kama anaruhusiwa kuchukua lile la barabarani, kwa vile wanunuzi wa machungwa husimamisha magari pale. Kaka akasema, "Chukua." Dada akafuata, kisha mimi, kisha mdogo wetu wa mjini.

Lilipobaki fungu moja kaka alilizunguka lote, taratibu. Kigingi cha pembeni kilikuwa kimelala. Alikinyoosha, akatafuta jiwe, akakigongelea.