Fundi wa Lifti Anajibu: Kabati la Mvule Litafikaje Ghorofa ya Saba?

SWALI: Fundi, habari za kazi? Mwisho wa mwezi nahama kutoka Umoja kwenda Kilimani, ghorofa ya saba. Nina kabati la mvule aliloniachia mama, kochi la futi saba na mashine ya kufua. Keateka wa kule anasema vitu vizito visipande lifti, itakatika. Vijana wa kubeba wanasema hizo ni porojo, wataingiza kila kitu mara moja na wao wenyewe ndani. Nimsikilize nani? – Msomaji, Umoja

JIBU: Dada yangu, wote wamekosea, ila keateka amekosea upande ulio salama.

Kukatika, ondoa hofu. Lifti huning'inia kwa nyaya kadhaa, na ikishuka kwa kasi isiyo yake kuna breki inayouma reli na kuishikilia hapo hapo. Ukizidisha uzito italia tu na mlango utakataa kufunga. Tafuta kibao karibu na vitufe. Kikisema kilo 630, watu 8, wamehesabu takriban kilo 75 kwa kila mtu. Kabati lako na kijana mmoja hawafiki hata nusu ya hapo.

Basi acha mizani, chukua futikamba. Lifti ya kilo 630 kwa kawaida ina upana wa sentimita 110 na kina cha 140, na mlango wake ni 80 kwa 200. Tuseme kabati lina urefu wa 180, upana wa 120 na kina cha 55. Likiingizwa likiwa limesimama, ubavu mwembamba ukitangulia, linapita mlangoni bila kugusa, na kando yake inabaki nafasi ya sentimita 55. Hapo anatosha mtu mmoja, naye asimame upande wa vitufe, asiwe na kitu chochote kati yake na mlango. Asikae nyuma ya mzigo hata akikuapia kwamba amezoea. Kabati likiegemea, yeye ndiye atakayelizuia kwa kifua. Droo zitoke kwanza, milango ifungwe kwa kamba.

Kochi ni habari nyingine. Futi saba ni sentimita 213, na mlango ni 200. Kama halifunguki vipande, hilo ni la ngazi, kwa hiyo pima kona za ngazi kabla lori halijatoka Umoja.

Sasa nije kwa jambo linaloniita kazini kila mwisho wa mwezi: kizingiti. Ule mkanda wa aluminiamu unaokanyaga ukiingia lifti ndio njia ya mlango kutelezea. Vijana wakipitisha toroli ya magurudumu madogo iliyobeba mashine ya kufua, ambayo ina bonge la zege ndani yake, uzito wote unatua mahali padogo kama kidole. Mkanda unabonyea, mlango unaanza kukwaruza, na jengo zima linapanda ngazi huku mwenye nyumba akiuliza nani alihamia juzi. Tandika kipande cha plaiwudi juu ya kizingiti, kivuke mpaka ndani. Plaiwudi hiyo pia itakusaidia sakafu ya lifti ikididimia kidogo mzigo unapoingia.

Kuta zifunikeni kwa blanketi au maboksi yaliyokunjuliwa, ila msizibe kingo za mlango. Pale kuna miale isiyoonekana. Ukiiziba, lifti inadhani kuna mtu amesimama mlangoni na haifungi kamwe. Wala msiweke tofali la kuzuia mlango. Mwombe keateka ufunguo unaoifanya lifti isikie vitufe vya ndani peke yake. Akikwambia hana habari nao, mwambie aipigie kampuni inayoihudumia lifti, tena kabla ya siku ya kuhama. Na chagua saa ambayo watu wameshaenda kazini. Majirani wapya hawasahau aliyewaweka chini saa moja asubuhi.

SWALI: Je, stima ikipotea nikiwa ndani na friji? – Msomaji, South B

JIBU: Bonyeza kengele, ukae. Jengo likiwa na jenereta utasubiri kidogo tu. Usikubali kijana yeyote apanue mlango kwa chuma ili uruke nje: lifti ikiwa imesimama katikati ya ghorofa mbili, chini yake kunabaki pengo linaloingia moja kwa moja kwenye shimo, na watu huumia hapo wakitoka, si wakingoja. Hewa ipo, lifti haizibwi kama chupa. Friji nalo lipande likiwa wima. Kama mlililaza kwenye pikapu, likifika liache lisimame saa kadhaa kabla ya kulichomeka.