Kisima cha Kilimani Hakipati Maji Kutoka Ziwani

SWALI: Nimechimba kisima cha mita 18 kwenye mteremko wa kilima huko Mkolani, Mwanza. Mzee aliyenipimia kwa kijiti cha mpera alisema mshipa wa ziwa unapita hapo, lakini kila Agosti kisima kinakauka. Je, nikiongeza kina nitaufikia mshipa huo?

JIBU: Hutaufikia, ndugu msomaji, kwa sababu haupo. Uso wa Ziwa Victoria uko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Ikiwa kiwanja chako kiko kwenye mita 1,190, kitako cha kisima kiko mita 38 juu ya ziwa, na maji hayapandi mlima yenyewe. Unachochota ni mvua iliyonyesha kwenye kilima chako, ikazama katika changarawe na nyufa za miamba ya matale, na ambayo sasa inateremka polepole kuelekea ziwani. Masika yakiisha mwezi Mei, akiba hiyo haiongezeki mpaka vuli, ilhali inaendelea kuvuja.

Inachosha kuwaona watu wazima, tena waliotumia fedha nyingi, wakilichukulia ziwa kama tangi linalogawia nchi kavu maji. Kagera, Mara na Simiyu zote huingia ziwani, na mto unaotoka ni mmoja tu, Nile, pale Jinja. Hata hiyo mito inayoingia mchango wake ni mdogo, kwani takriban asilimia 80 ya maji ya ziwa ni mvua inayoangukia ziwa lenyewe, na kiasi kinachorudi hewani kama mvuke ni kikubwa kuliko kile kinachochukuliwa na Nile. Wenye vijiti hustawi kwa kuwa aghalabu hupima wakati wa mvua, ambapo karibu kila shimo kwenye changarawe hutoa maji. Nani angekosea?

Kuhusu kina, chini ya changarawe kuna mwamba mzima, na ukiutoboa mahali pasipo na nyufa utapata shimo refu zaidi lililo kavu vilevile. Mtafute mtaalamu apime ukinzani wa umeme ardhini, ili ajue nyufa zenye maji ziko wapi, kisha uombe kibali kwa Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria.

Ukavu, hata hivyo, si jambo linalonitia hofu zaidi. Anayeamini kwamba maji yake yanatoka ziwani haulizi kuna nini juu yake mlimani, nako kuna vyoo vya shimo vya majirani. Wanaotapisha vyoo mvua inapokuwa kubwa hudhani kwamba uchafu wote umekwenda na Mirongo, mto unaopita mjini Mwanza; sehemu yake huzama na kuingia visimani, na iliyobaki hufika katika ziwa lilelile linalotupatia maji ya bomba. Maji ya kisima kuwa maangavu si ushahidi wa lolote. Peleka sampuli maabara baada ya mvua za kwanza za vuli, uchafu wa kiangazi chote unaposukumwa chini, kwa kuwa majibu ya Julai hayawezi kukuambia unakunywa nini Novemba.